Jicho la Huruma

Pale kwenye dirisha la malalamiko ya maji walimwita Mzee wa Huruma. Ungemweleza kwamba bomba lako limekauka tangu mwezi uliopita, jicho lake la kushoto lingelengwalengwa, kisha chozi lishuke taratibu hadi kwenye masharubu. Mteja alitoka hapo moyo mweupe, maji hana. Hakuwahi kumtatulia mtu shida hata moja, na wakubwa walimpenda kwelikweli, maana nani mwingine angewanyamazisha watu kwa gharama ya leso?

Jicho lenyewe lilivuja tu, hata akila, hata akisoma matokeo ya mpira. Hilo hakumwambia mtu. Mkewe ndiye hasa asiyetakiwa kujua, kwa sababu alikuwa amemsamehe mambo chungu nzima, pamoja na mwanamke mmoja wa stoo ya ofisini, kwa kuwa siku ya kumzika mama mkwe, mzee alilia kuwashinda watoto wa marehemu. Jicho hilo ndilo lililomweka ndani ya nyumba.

Basi kona ya jicho ikavimba, ikatoa usaha, na mkewe akamkokota hospitali. Daktari, binti mchangamfu, alisema mfereji unaopeleka machozi puani umeziba. Hatamchana uso. Usaha ukiisha, atapitisha vifaa vyembamba, apanue mfereji kwa kiputo kidogo kinachojazwa ndani yake na kuacha humo mrija laini kwa wiki kadhaa. Ikawa hivyo, na jioni ile ile mgonjwa akarudi kwake.

Jicho likakauka. Dirishani watu wakaanza kumkazia macho na kumuuliza atawasaidiaje, jambo ambalo lilimuudhi sana.

Siku ya kutoa mrija, daktari alimpongeza mbele ya mkewe.

"Mzee, umevumilia. Mfereji huu uliziba miaka mingi. Machozi yalikuwa yanamwagika yenyewe, hata ukiwa na furaha zako."

Walipofika nyumbani mkewe akaketi mezani bila kuvua viatu.

"Kwa hiyo siku ya kumzika mama hukuwa unalia."

Mzee alifungua kinywa adanganye, kama kawaida yake, uongo ukakataa kuja. Kwa mara ya kwanza katika ndoa ile alikuwa analia kweli, na machozi, kwa utiifu mkubwa, yakafuata njia yake mpya, yakateremkia puani. Mkewe aliona uso mkavu wa mtu anayevuta kamasi.

"Futa pua," akasema, akachukua mto wake, akahamia chumba cha watoto.