Kapasita Zenye Miguu Sawa

Kwenye safu ile ya vibanda vya mafundi hakuna aliyekumbuka jina lake la kuzaliwa. Walimwita Moshi, maana kila ulipopita ulikuta uzi mwembamba wa moshi wa risasi ya kuchomelea unapanda mezani kwake, naye kauinamia kama mtu anayenusa mchuzi. Alianza na redio, zikaisha. Akaja kwenye televisheni, zikaisha. Kompyuta zilipoingia watu wakadhani atakunja jamvi, kumbe alifungua monita ya kwanza, akaichungulia, akasema, "Ah, ndugu zetu hawa hawa, wamebadilisha nguo tu."

Sasa macho yake yalikuwa yanaondoka. Ulianza ukungu pembeni, halafu ukasogea katikati, hata mkewe akawa anamtambua kwa sauti tu. Hakumwambia mtu. Mwenye kibanda alikuwa na mpwa anayetafuta meza, na Moshi alijua kwamba siku habari ikivuja, kesho yake vitu vyake viko nje.

Basi vidole vikachukua kazi ya macho. Monita nyingi huuawa na kapasita, vile vikopo vidogo vinavyoushika umeme na kuutuliza kabla haujafika kwenye kioo. Kapasita nzima ina utosi bapa, mbovu huvimba, na dole gumba la Moshi liliujua uvimbe kuliko daktari. Ugumu ulikuwa kwenye kurudishia. Kapasita ina upande wa kuongeza na upande wa kutoa, na upande wa kutoa umechorwa mstari mweupe ambao kidole hakiwezi kuusikia. Mpya hutoka kiwandani na miguu miwili ya waya, mmoja mrefu, lakini Moshi alitumia za kung'oa kwenye mitambo iliyokufa. Kwa hiyo kila alipong'oa moja aliipeleka dirishani jua likiwa kali, akaikodolea mpaka aone weupe, akaufupisha mguu wa upande ule, kisha akaitupa kwenye kopo la maziwa. Akishafanya hivyo, hakuhitaji tena kuona.

Asubuhi moja mdogo wake wa kike aliingia na monita aliyoifunga kwenye shuka kama mgonjwa. Alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala, na monita yenyewe ndiyo hiyo moja.

"Kaka, imekata roho. Wateja wamenijazania mlangoni. Kama huiwezi niambie mapema, fundi simu hapo jirani anasema ataitazama."

"Yule? Yule anabadilisha vioo tu. Mpelekee madirisha."

Mke wa Moshi, aliyekuwa akishinda pale kibandani tangu cherehani yake iharibike, akaangua kicheko. "Wifi, kaa chini. Mzee wangu leo kaamka na maneno."

Moshi aliichomeka. Taa ikapepesa, kukasikika tik, tik, tik. "Njaa hiyo," akasema. "Umeme unafika lakini haushibi." Akaichomoa, akapachua ganda kwa kadi kuukuu ya plastiki, akagusisha waya za balbu kwenye kapasita kubwa. Balbu ikawaka mara moja, ikazima, kumaanisha umeme uliobaki ndani umetoka. Dole gumba likatembea. Kapasita tatu zilikuwa zimevimba.

"Nisomee hapo, miwani imeingia mafuta," alimwambia mkewe, kama alivyozoea.

"Elfu moja, volti ishirini na tano. Zote."

Mkewe akamchagulia nyingine tatu za namba hiyo koponi. Moshi akaishika ya kwanza, akapapasa miguu. Ilikuwa sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa.

"Nani kagusa kopo langu?"

"Mimi, jana ulipotoka. Si zilikuwa zimeshikana, zinachoma vidole! Nimezikata miguu yote sawasawa. Zimependeza, eh?"

Moshi akazipapasa tena. Angeweza kuuliza mstari mweupe uko upande gani. Lakini hilo huulizwa na mtu wa siku ya kwanza kazini, na mdogo wake alikuwa amekaa pale, macho kwenye mikono yake. Akakisia, akachomelea.

Alipowasha, taa ilikaa bila kupepesa. "Aa, kaka yangu!" Mdogo wake hakumaliza. Pu! Kofia ya kapasita moja iliruka hadi ukutani, kibanda kikajaa harufu ya samaki aliyeoza.

Mkewe alichomoa waya, akainama. "Mzee, mbona hii umeipindua? Mstari si huu hapa, mweupe pe?"

Moshi aliweka chuma cha kuchomelea chini, akakikosa kishikio, meza ikaanza kuungua.

"Sioni," akasema.

"Huoni nini?"

"Sioni. Tangu kabla ya mvua zilizopita."

Mkewe alikiokota kile chuma, akakizima. Mdogo wake ndiye aliyesimama, taratibu.

"Kaka. Soketi ya chumba cha watoto wangu umeifunga wewe mwezi uliopita."

Moshi alikumbuka alivyopiga magoti nyuma ya kitanda cha watoto, waya mkononi. Waya nyekundu na waya nyeusi, ukizipapasa, ni waya tu.

"Rangi ulikuwa unaziona?"

Moshi akatikisa kichwa. Mdogo wake alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, na monita ikabaki wazi mezani. Kutoka kibanda cha jirani fundi simu akapaza sauti, "Moshi, leo umetulipua, babu!" Hakuna aliyecheka.

"Na kwingine?" mkewe akauliza.

"Hita ya yule muuguzi wa mtaani kwetu. Ya maji."

Walikwenda wakiwa wameshikana mikono, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya barabarani. Muuguzi aliwafungulia kwa bashasha. "Karibuni! Fundi, hita yako inachapa kazi. Mama yuko bafuni sasa hivi, maji anayachemshia humo humo ndooni."

"Ichomoe," alisema Moshi.

"Kwa nini?"

Mkewe alifungua mdomo. Moshi akaubana mkono wake. "Niache niseme mwenyewe." Akasema.

Muuguzi aligeuka akakimbia, wakasikia akigonga mlango na kuita mama, mama, kimya, mama, kisha sauti ya kizee ikajibu kwa hasira, "Nini nawe! Hata kuoga?"

Aliporudi alikuwa na hita mkononi, waya unaburuta. Hakumtukana. Alimtazama machoni kwa karibu, kama anavyowatazama wagonjwa, kisha akamuuliza mkewe, si yeye, "Na wapi kwingine?"

"Mwulize mwenyewe," alisema mkewe.

Moshi akaanza kuzitaja nyumba.