Nana Ubalda na Mbavu Mbili za Kushoto

Saa nne asubuhi, Nana Ubalda Zalpa analowanisha ubao mwembamba kwa kitambaa, kisha anaukandamiza kwenye bomba la chuma lenye moto. Mvuke unapanda. Karakana yake ya magitaa hapa Paracho, Meksiko, inanukia mti mtamu.

"Ukinisemesha sasa hivi nakufukuza," ananiambia.

Ubao ni wa palo escrito, mti ulioandikwa, na waliouita hivyo hawakukosea: mistari myeusi inapita kwenye ukahawia wake utadhani mtu kamwaga wino. Ni mgumu, mzito, na ukiugonga kwa kidole unalia muda mrefu. Gitaa moja la mti huu humchukua wiki tatu, na huliuza peso elfu tisa.

Hili haliendi dukani. Ubao umetoka kwenye kitanda cha Tata Nazario Cira, mwimbaji wa nyimbo zetu za Kipurepecha, aliyefiwa na mkewe Eufemia mwezi Machi. Kipande kingine hakuna.

Na wiki iliyopita, fundi huyu wa miaka thelathini na moja kazini alifanya kosa la mwanafunzi. Mbavu za gitaa, yaani kuta zake za pembeni, hupasuliwa kutoka ubao mmoja, mistari yake ikitazamana kama kurasa za kitabu. Mmoja hukunjwa wa kushoto, mwingine wa kulia. Yeye alikunja zote za kushoto.

"Nililia, nakwambia. Mbavu mbili za kushoto! Gitaa gani hilo?"

Dawa, na ndiyo kazi ya leo, ni kuunyoosha mmoja kwa moto na kuukunja upya, upande wa pili. Ukikatika, basi tena.

Tata Nazario, mlangoni, hajui kunyamaza. "Nana, ungesema mapema nikuletee na meza nayo uiharibu."

"Toka hapo, mchokozi wewe! Utanivunjia ubavu."

Ka! Sote tunainama kutazama.

Ni ufa mwembamba kama unywele, karibu na kiuno. "Gundi itaushika," anasema, anapumua. Anaubana ubavu kwenye kalibu, ukabili mwenzake, na mistari inatazamana. Jamani, mti ule! Nusura nipige makofi.

"Nataka liwe tayari Siku ya Wafu, tukikesha na marehemu wetu," anasema Nana Ubalda. "Nilisikie likilia makaburini, nimekaa chini kama watu wengine."

Tata Nazario anapitisha kidole kwenye ufa.

"Miaka arobaini Eufemia alinikataza kupiga gitaa kitandani," anasema. "Sasa akisikia kitanda chenyewe kinaimba, si atanigombeza? Natamani sana anigombeze."