Ulezi Hauvunwi Oktoba

Ndugu zangu, nimemwomba mwenye ukurasa aliweke jina langu kapuni. Nina miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu, Mfipa wa Mpui. Uhamisho wa kikazi uliniondoa Ufipa nikiwa kijana, nikazeekea Tanga, ninakoishi na binti yangu. Kila Jumapili nilimpigia simu dada yangu wa pekee, tukaongea Kifipa. Tanga sikuwa na mwingine wa kuongea naye lugha hiyo.

Mwaka juzi presha ilinilaza hospitali. Daktari akawaambia wanangu nisipewe habari za kushtua. Wakayashika maneno yale kuliko mimi nilivyoshika vidonge.

Mwaka huu simu ya dada ikawa inapokewa na mwanawe, mwenye duka Sumbawanga mjini. Alisema masikio ya mama yamekuwa mazito, simu haisikii tena, basi nimpe yeye salamu atazifikisha. Nikampa, kila Jumapili. Siku moja akaniambia mama yuko shamba, anavuna ulezi. Nikashukuru, nikakata simu, ndipo nikakumbuka kwamba ni Oktoba. Nani anavuna ulezi Oktoba?

Tangu hapo usingizi ukanikimbia. Kichwa kikawa kinagonga, chakula hakipiti, presha ikapanda ilhali dawa nameza zilezile. Nilipomuuliza binti yangu, alisema, "Baba, punguza mawazo."

Nikapanda basi bila kuaga. Nilipoingia dukani, mpwa wangu aliniamkia shikamoo, kisha akanivutia kiti.

"Mjomba, kaa kwanza."

Nikajua.

Dada alizikwa Machi, kwetu Mpui. Nyasi zilizoota kaburini kwa mvua zilikuwa zimeshakauka.

Muuguzi wa zahanati ya Mpui, ninakokaa sasa, alinipima. "Dawa meza, babu," akasema. "Lakini na kulia ulie." Nimelia. Kila asubuhi natembea hadi kaburini, namsimulia dada habari za Jumapili zote zile, kwa Kifipa. Sasa nalala, na presha inashuka.

Binti yangu anapiga simu kila siku, ananisihi nirudi. Anasema walinificha kwa kunipenda, nami naamini. Lakini kila akiniambia, "Baba, huku wote wazima," moyo unanienda mbio.

Nishaurini, wenzangu. Nitarudije kuishi na watoto ninaowapenda, ikiwa salamu yao tu inanipandisha presha?