Vistari vya Ukurasa wa Themanini na Tatu

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Katika chumba cha nyuma cha maktaba, mwanamke mmoja anapaka gundi mgongo wa kitabu. Wenzake humwita Mama Gundi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kukarabati vitabu vilivyochakaa na kufuta maandishi ya wasomaji.

"Wewe na vitabu mmefunga ndoa," karani wa mapokezi anamtania mlangoni.

"Afadhali, shoga. Havikoromi."

Kuna riwaya moja asiyoifuta maandishi. Ni ya miaka hii hii. Ukurasa wa themanini na tatu, msichana amelala, mjomba anafungua mlango. Pembeni kuna vistari vya penseli, vifupi kama pini.

"Vilianza viwili, nikafuta. Kitabu kikarudi na vitano, nikafuta. Kikarudi na tisa. Ndipo nikaketi nikakisoma," ananiambia mimi, mwandishi niliyekuja kumhoji.

Akasoma na riwaya nyingine mpya za rafu ile. Huku mwalimu, kule bosi, kwingine baba wa kambo.

"Nikadhani waandishi wanaigana. Hawaigani, kaka. Wanaishi dunia moja."

Leo vistari ni arobaini na saba. Wanawake wenye kadi za maktaba hii hawafiki mia tatu. Hakuna jina wala neno. Kila mmoja ameona vya wenzake, akaongeza chake, akarudisha kitabu.

Mkuu wa maktaba amempa hadi kesho: kurasa ziwe safi, la sivyo kitabu kitolewe rafuni naye apewe barua ya onyo.

"Barua naijua. Ya pili ni ya kufukuzwa. Lakini wale saba wa mwanzo walisema, mimi nikawaziba mdomo kwa kifutio. Sirudii."

Na chake kimo? namuuliza.

Anakaza uzi kwenye sindano kwanza.

"Cha kumi. Nilikuwa darasa la sita. Hata mama hakuwahi kujua."

Kisha anafungua kitabu pale pale. Pembeni pamejaa, hakuna nafasi hata ya kistari kimoja. Anachukua karatasi mbili nyeupe, anazikunja katikati, anazishona ndani kando ya ukurasa huo.

"Mkuu anataka kurasa safi," anasema, akikata uzi kwa meno. "Kesho nampelekea nane."