Mbuzi Anayekohoa Ndani Yangu

Mshauri wa familia alikuja kanisani kwetu Nyamira akitoka Kisii mjini, amevaa viatu vya kuogopa matope. Akatuambia kila mtu ako na askari ndani yake, aliandikwa kazi utotoni alinde mtoto asiumie, na mpaka leo hajui vita imeisha. Nikamnong'onezea jirani, "Mimi hata mbwa sina, askari nitamlisha nini?" Benchi yote ikacheka. Ndivyo nilivyo. Shule niliacha kidato cha pili, lakini kwa kuchekesha watu mimi ni profesa.

Mke wangu hakucheka. "Huyo ndiye askari wako," akasema. "Huyo wa mdomo."

Nikamdharau, nikadharau na mshauri pamoja na viatu vyake.

Halafu ikafika Sabato ya kumi na tatu, ile watoto wanasimama mbele ya kanisa kukariri mafungu yote ya robo nzima. Binti yangu ako darasa la nne. Tulikuwa tumejifunza tukichuna majani chai, yeye anasema fungu, mimi natupa majani kwa kikapu. Alikuwa anajua. Lakini kusimama pale mbele, fungu likapotea. Mwalimu wake akamkazia macho. Mtoto akavuta pumzi, akakohoa kama mzee wa kanisa, kile kikohozi chake cha kabla ya matangazo, akasema kwa sauti nzito, "Tuinamishe vichwa."

Watu walivunjika mbavu. Mzee mwenyewe alipangusa machozi. Mama mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Huyo ni wa babake kabisa!"

Na mimi, mpumbavu, nikainua shingo kama jogoo. Ndipo nikaona mkono wake. Anacheka, na huku anajifinya paja kando ya gauni, anafinya kabisa.

Hiyo kufinya naijua, ni yangu. Tata, ndivyo kwetu tunaita baba, alikuwa anarudi jioni na fimbo. Nikimwona tu mlangoni najifinya nisilie, halafu naiga mbuzi ya jirani vile inakohoa. Akicheka, fimbo anaiweka kando. Asipocheka, basi. Tangu hapo hiyo mbuzi haijatoka kazini. Hata Tata alipozikwa niliwachekesha wabeba jeneza mpaka karibu wamwangushe. Sasa hiyo ni askari gani? Inalinda mlango, na mtu inayemwogopa amelala kaburini nyuma ya nyumba. Hata kuku angekuwa ameelewa.

Ibada ikaisha, watu wakawa wanakula nje. Binti akanijia na tabasamu la mtu anayeuza kitu.

"Tata, ulisikia vile walicheka?"

"Nilisikia."

"Umekasirika?"

Hapo mbuzi yangu ikasimama, koo tayari. Ingekohoa tu, tungecheka sisi wawili, tungeenda kula, na huyu mtoto angezeeka akijifinya. Maneno ya yule mshauri yakanirudia, na yalinichukiza kunirudia: muulize askari wako anadhani uko na miaka mingapi. Nikauliza kimoyomoyo, na aibu yangu. Ikanijibu niko na miaka kama ya binti yangu. Mjinga kabisa!

"Angalia ndevu," nikaiambia. "Angalia hii tumbo. Tata hayuko. Ulifanya kazi, sawa, sasa kaa chini."

Ikakaa, lakini kwa kiburi, kama mgeni amenyimwa chai. Nikashika ule mkono wa kufinya.

"Uliona aibu?"

Tabasamu likaanza kutetemeka. "Nilikuwa najua hiyo fungu, Tata. Nilikuwa najua."

"Ndio, ulikuwa unajua. Si uliniambia yote kule shambani?"

Akalia. Alilia kwa koti langu la Sabato, lile moja tu niko nalo, na makamasi yote. Mzee wa kanisa akapita na sahani ya matoke.

"Mchekeshaji wetu amefanya nini tena?"

Nilikuwa na jibu, tena tamu sana. Mbuzi ikanyoosha shingo, ikaniangalia.

"Analia," nikamwambia mzee.

Akasimama hapo, hajui aipeleke wapi hiyo habari, mwisho akaenda na matoke yake.