Dishi Juu ya Paa la Ardito

Siku dishi lilipoinuka juu ya paa la gari-nyumba la Ardito, mama yake, Zefira, alikuwa na miaka mitatu hajaitazama televisheni. Hakukatazwa na daktari. Marehemu mumewe, mdogo wangu, aliipenda televisheni kupita kiasi, hasa mbio za baiskeli, na kwetu sisi Wasinti, watu wa kuhamahama na magari yetu, mtu wako akifa unaacha kile alichokipenda. Mwingine anaacha samaki, mwingine anaacha kuimba. Zefira aliacha televisheni. Ikiwa imewashwa baa, anakunywa kahawa yake akiwa ameigeuzia mgongo. Jina la mdogo wangu silitaji, kwa hiyo msiniulize.

Zefira alizaliwa ndani ya gari la mbao la kuvutwa na farasi, kandokando ya mto Po, katika baridi iliyogandisha magurudumu ardhini. Shule hakuiona. Tangu akiwa msichana amesimama nyuma ya kibanda cha kulenga shabaha, kutoka sherehe ya kijiji hiki hadi ya kijiji kile, akiwapa vijana wa mjini bunduki za upepo na kuwazomea wakikosa. "Mchumba wako yuko kushoto, wewe unampiga ng'ombe wa padri!" Vijana hucheka, kisha hulipa tena. Ana ulimi mkali, lakini sijawahi kumsikia akidanganya. Hilo nimewaambia watu miaka mingi, nikijivunia shemeji yangu.

Mdogo wangu alipokufa, gari-nyumba lake lilipaswa kuchomwa, kama yalivyochomwa magari ya baba zetu. Vitu vya marehemu havirithiwi, havitumiwi. Ndiyo heshima. Lakini siku ya mazishi askari walitukatalia kuwasha moto, ikabidi tusubiri. Ardito akaondoka na bembea zake kwenda Trento kwa sababu mkataba ulimbana. Mimi nikavunjika nyonga, nikalazwa Ferrara. Zefira akabaki na gari peke yake. Alipokuja kunitazama wodini alisema neno moja tu: "Limekwisha." Nikashukuru.

Ardito alikuwa ameshamwoa Nives, binti wa kinyozi wa Rovigo, mtu wa nyumba za matofali. Mwanamke mzuri, simsemi vibaya. Miezi ya maonyesho hana shida, anauza tiketi za bembea na kuimba. Shida ni majira ya baridi. Tunaegesha kwenye uwanja ule ule kando ya mfereji, ukungu unashuka, na mpaka sherehe za Kanivali, mwezi wa pili, hakuna kazi. Zamani tulikaa kuzunguka moto, mmoja anapiga fidla, mwingine anasimulia. Leo kila mtu yuko ndani kwake na mlango umefungwa, na Nives alikuwa anatazama ukungu kupitia dirishani na binti yake Iside mapajani.

Mwanzoni mwa Novemba akasema mbele yetu sote: "Ardito, nisikilize. Picha ya televisheni ikiwa haijaingia humu ndani mwezi huu, mimi na Iside tunaenda kukaa kwa mama. Mtoto ataanza shule huko. Na akishaanza, simhamishi."

Ardito alibadilika rangi. Hakuna aliyekuwa hajaelewa. Mtoto akianza kulala ndani ya matofali, amekwenda. Nimewaona wengi.

Nikaenda na Ardito kwenye duka la madishi Padova, nikidhani nitamzuia asipumbazwe. Muuzaji alikuwa kijana mwenye nywele zilizopakwa mafuta. Alituonyesha la kwanza, mfano wa uyoga mkubwa mweupe wa plastiki, dishi limefichwa ndani.

"Hili linashika hata gari likitembea, mzee."

"Na dereva anatazama nini, barabara au filamu?" nikamuuliza.

La pili lilikuwa bapa kama sinia, linalala juu ya paa. La tatu lilikuwa dishi halisi linalojikunja. Unabonyeza kitufe ndani, lenyewe linainuka, linazunguka, linatafuta setilaiti na kusimama. La nne lilikuwa pembeni sakafuni, dishi dogo la miguu mitatu, la kutegwa kwa mkono kwenye majani.

"Hilo la miguu mitatu ni la watu wenye subira," kijana akasema, akimkonyeza Ardito.

"Basi ni letu," nikasema.

"Baba mkubwa," Ardito akanong'ona, "Nives akisimama kwenye ukungu kuzungusha sahani, saa hiyo hiyo ataita teksi."

Kijana akatuambia jambo ambalo lilinishangaza kuliko bei. Setilaiti iko kusini, na dishi lolote lile, la laki au la bure, halioni kitu kukiwa na mti mbele yake. Kwa hiyo ukiegesha, tafuta kwanza kusini kuliko wazi. Nilimtazama. Baba yangu alichagua mahali pa kusimama kwa kuangalia maji, majani ya farasi, upepo unatoka wapi, na kama padri wa pale ni mtu mwema. Sasa tugeuze magari yetu yote yaelekee chombo kinachoelea angani! Ukweli ni kwamba tayari tumegeuka. Zamani milango yetu ilitazamana. Leo nusu ya magari uwanjani yamepeana migongo kama watu walionuniana.

Ardito alilitaka lile linaloinuka lenyewe, ila jipya hakuliweza. Wiki ile ile akalipata lililotumika, kwa mtu anayebomoa magari-nyumba karibu na Cremona. Alilifunga mwenyewe, akatoboa paa, akapitisha waya. Jumamosi watu wote wakaja kutazama, na hata mimi nilikuja, maana nilitaka kuliona likishindwa.

Akabonyeza. Juu ya paa kitu kikalia kama paka aliyekanyagwa. Dishi likajifunua, likanyanyuka polepole, likageuka kulia, likarudi kushoto, kama mtu anayetafuta uso anaoujua kwenye umati. Watoto wakapiga makofi. Ndani, Nives akapiga kelele: "Imekuja! Ardito, imekuja! Iside, tazama, rangi zote!"

Nami nikaliona mgongo.

Nyuma ya dishi, ukingoni, palikuwa na kiraka cha bati chenye umbo la jani, kimepigwa ribiti. Kiraka kile nilikipiga mimi. Tawi la mti wa mpopla liliangukia dishi la mdogo wangu tulipokuwa Comacchio, nami nikalitibu kwa bati la kopo la mafuta ya zeituni, na maandishi ya kijani yalikuwa bado yanasomeka. Kitu nilichoambiwa kimeteketea kilikuwa kinageuza shingo juu ya kichwa changu.

"Ardito," nikasema, "zima."

"Kwa nini? Si unaona linafanya kazi?"

"Zima, nakwambia. Hilo ni la baba yako."

Akacheka kwanza. Kisha akapanda ngazi, akatazama mgongo wa dishi, na nikaona mkono wake ukiachia ukingo kana kwamba umeungua. Watu wakaanza kurudi nyuma. Akina mama wakavuta watoto wao. Muda mfupi baadaye tulibaki wachache, na ndani sauti ya mtangazaji ilikuwa inasoma hali ya hewa.

Nives akatoka na kijiko mkononi. "Mbona mmenyamaza? Nani kafa?"

Hilo ndilo swali ambalo hangepaswa kuuliza.

Zefira alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alikuwa ameshaelewa kabla yetu. Akaja hadi katikati ya uwanja, mwanamke mfupi aliyevaa nyeusi, akazungumza akiangalia chini.

"Gari sikulichoma. Nilienda kuomba kibali, wakasema lile si la mbao, ni plastiki na sponji, moshi wake ni sumu, nitafungwa. Nikaenda mara ya pili. Wakanicheka. Basi nikampelekea yule mtu wa Cremona. Nikamwambia, hutoi skrubu hata moja, unalisaga lote. Akanipa mkono. Nikasimama pale mashine ilipouma pua ya gari. Zaidi ya hapo sikuweza kutazama. Nikaondoka."

"Ukaniambia limekwisha," nikasema.

"Nilikwambia limekwisha, shemeji. Ulikuwa umelala na vyuma mguuni. Ulitaka nikwambie nini? Kwamba siku hizi hatuwezi hata kuwaaga watu wetu?"

"Lakini ni bati tu!" Nives akalia. "Mama, ni bati na waya! Baba angefurahi mtoto akitazama!"

"Angefurahi," Zefira akajibu. "Ndiyo maana haiwezekani."

Ardito alilifungua dishi jioni ile ile. Tulilipondaponda kwa nyundo, tukalipeleka mtoni, likazama. Juu ya paa yakabaki matundu. Aliyaziba kwa gundi na mkanda, lakini usiku mvua ilinyesha, na maji yakadondoka kwenye kitanda cha Nives. Asubuhi alikuwa anafunga masanduku. Hakugombana. Alimpigia baba yake simu aje na gari baada ya chakula cha mchana, akamvalisha Iside koti. Ardito aliketi kwenye ngazi akiwa na uso wa mtu aliyepigwa na ng'ombe.

Zefira hakuwepo. Tulidhani amejificha kwa aibu. Kumbe alipanda basi la alfajiri. Saa saba tukamwona anakuja barabarani kwenye ukungu, amekumbatia boksi kubwa kuliko kifua chake. Mwanamke asiyejua kusoma, ambaye hajaitazama televisheni kwa miaka mitatu, alikuwa amekwenda dukani peke yake kuchagua dishi.

Akaliweka kwenye majani. Lilikuwa lile la miguu mitatu.

"Yule mtoto wa nywele za mafuta alitaka kuniuzia uyoga," akasema. "Nikamwambia sitaki kitu kinachotoboa paa la mtu. Hili linakaa nje. Halimo ndani ya gari la mtu yeyote. Mtu akifa unalichukua kwa mkono mmoja unalipeleka mtoni, na hakuna askari wa kuomba ruhusa. Nives, mwanangu, njoo ushike. Mimi sijui kusini ni wapi."

Nives akaweka sanduku chini.

Ikaanza vurumai. Ardito ndani anapiga kelele, "Kushoto! Kidogo! Hapana, umepita!" Nives nje anajibu, "Kushoto kwako au kwangu, we mbuzi?" Mipopla ilizuia, tukahamisha. Waya haukufika, tukasukuma gari. Kinyozi akafika na gari lake, akapiga honi, naye binti yake akampungia mkono bila kugeuka: "Baba, subiri, nimeiona nyekundu dirishani sasa hivi!"

Kisha Iside akapiga yowe kutoka ndani, na Ardito akanguruma: "Acha! Hapo hapo! Usiguse!"

Nives alikuwa amelowa mpaka kwenye nyusi. Akaenda dirishani kwa baba yake. "Rudi tu, baba. Tutakuja Krismasi. Shule tutazungumza baada ya Kanivali." Kinyozi alinitazama mimi, kana kwamba nina maelezo.

Zefira alibaki kwenye majani, ameshika mguu mmoja wa dishi kwa mikono miwili, dirisha lenye picha likiwa nyuma ya mgongo wake. Sikuweza kujizuia.

"Shemeji, umekileta kwa mikono yako kitu ulichokiacha."

"Nimeacha kutazama," akasema. "Badala ya kusimama hapo mdomo wazi, nitafutie jiwe. Mguu huu unazama."

Nikaenda kutafuta jiwe.