Dokta Mauza na Fundi wa Ghorofa ya Tatu

Mauza Salem aliposema anataka kusomea uhandisi wa umeme, baba yake, muuza mapazia wa Mtaa wa Sikukuu, alidhani binti anataka kutengeneza redio. Akamkubalia. Mauza akapata shahada ya kwanza, ya pili, kisha ya uzamivu, akawa mhadhiri. Utafiti wake hakuupeleka mbali na nyumbani: alichunguza umeme wa majengo ya zamani ya Kariakoo, yale ambayo ghorofa moja imegawanywa vyumba kumi vya biashara.

Kifaa chake cha kurekodi volti alikifunga kwa Zakayo, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu. Kwa miezi minne kifaa kilionyesha jambo lile lile: kila asubuhi volti zinaporomoka, kisha zinapanda ghafla. Akaandika makala, akaituma kwenye jarida moja la ng'ambo. Ikarudi. Wataalamu walioipitia walisema vipimo vile haviwezekani, kifaa lazima ni kibovu.

Akakipima upya maabara, kizima kabisa. Wiki nzima hakutaka hata kufungua kompyuta. Akakirudisha ukutani kwa Zakayo, lakini moyo ulishamtoka, na siku chache baadaye akapanda ngazi kwenda kukifungua moja kwa moja.

"Unaondoka nacho, Dokta? Si ulisema mwaka mzima?" Zakayo aliuliza.

"Wamekataa, Fundi. Wanasema kinadanganya."

Zakayo akaacha kushona. "Kinadanganya wapi! Nikichomeka pasi tu, cherehani hii ya umeme inalegea. Hapo hapo Anjana anaanza kelele."

"Anjana yupi?"

"Wa vipodozi, mlango wa pili. Eti taa zake zinawaka kupita kiasi. Mwezi huu zimeungua nne, lawama zote kwangu."

Mauza akabaki na bisibisi mkononi. "Hebu chomeka pasi."

Akachomeka, akakanyaga cherehani. Ikavuta kivivu. Mara sauti ya kike ikapasua ukumbi: "Zakayo! Umeanza tena!"

Mauza alicheka mpaka akakaa juu ya robota la vitambaa. Huku umeme unashuka, kwa jirani unapanda: waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme wa vyumba vyote, umelegea mahali fulani. Na yeye, dokta mzima, alikuwa amepima chumba kimoja tu!

Akafunga kifaa cha pili kwa Anjana. Kufikia adhuhuri mistari miwili ilikuwa imejichora, mmoja ukizama, mwingine ukipaa. Hakungoja zaidi. Akamwita mwenye jengo aje na fundi umeme, na kwenye mein swichi wakaikuta nyutro imelegea, imeungua, nyeusi tii. Ikafungwa upya siku ile ile.

Makala mpya ilikubaliwa, jina la Zakayo likiwa la pili kati ya waandishi. Kwenye semina ya idara alikuja na suti aliyojishonea. Profesa mmoja akamuuliza alijuaje bila kipimo.

"Mguu, Profesa," alijibu. "Cherehani ikichoka, mguu unajua."

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha maprofesa wakatoa kalamu wakaanza kumuuliza kwa makini, saa nzima. Mwaka uliofuata Mauza akawa mhadhiri mwandamizi. Kwenye sherehe ya kumpongeza, Anjana ndiye aliyeleta bhajia.